Kuionja Kamba Kabla ya Kuvuta

Miaka ya sitini niliendesha winchi, mashine ya kupandisha pipa kwa kamba, kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, na sikumbuki siku ambayo chakula cha mchana kilishuka vizuri. Wenzangu wako chini ya shimo, mimi niko juu na mpini wangu, siwaoni. Nasikia kengele tu. Ikilia, maana yake pipa limeshafungwa kwenye ndoano, watu wamo, vuta.

Mimi nilikuwa sivuti. Kwanza naionja kamba: naikaza polepole mpaka mpini uniambie kama kuna uzito. Ikiwa nyepesi, pipa halijashika sawasawa, nairudisha chini, maana ndoano iliyoshika nusu huachia katikati ya shimo. Na kule chini alikuwamo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ningemwambia nini dada yake?

Nyapara wetu hakuipenda tabia hiyo hata kidogo.

"Kengele imelia, unachunguza nini? Kufunga ni kazi ya wa chini. Ukiwakagulia kila mara, watalegea."

"Walegee, mradi wafike juu wazima," nikamjibu. Mzee yule alinikera, we acha tu!

Siku moja, baada ya baruti kulipuliwa, kengele ikalia. Nikaionja kamba. Nyepesi. Nikairudisha, nikiwaza: au moshi umewazidi? Nyapara akapiga kelele nivute. Nikagoma. Kengele ikalia tena, nikakaza, uzito huu hapa. Nikawapandisha.

Shemeji akatoka kwenye pipa anacheka, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shemeji, mbona umepauka hivyo? Siku hizi tunapiga kengele kwanza, tunafunga baadaye. Tunakujua, lazima utaonja."

"Tangu lini?"

"Aa, zamani! Inaokoa muda."

Nikakaa chini pale pale. Nyapara alikuwa karibu, akasikia yote.

Wiki iliyofuata zamu zikabadilishwa, kundi la shemeji likaenda kwa mwendesha winchi mwingine. Nilimshika shemeji shati nikamsihi wafunge kwanza. "Ndiyo, shemeji, ndiyo," akasema, upesi mno. Siku yao ya kwanza nilikwenda nikasimama mlangoni mwa kibanda cha winchi, ingawa haikuwa zamu yangu. Kengele ikalia, na yule bwana akavuta hapo hapo bila kuionja kamba, nami sikujua kama kule chini walikuwa wameshafunga.