Kuku Aliyepelekwa Ukweni

Wifi yangu ni dobi, na watu wanamwita Mama Pasi. Jina hilo hakupewa kwa kuwa na pasi, maana pasi kila nyumba inayo. Alipewa kwa sababu ukimpelekea shati halirudi na mkunjo hata wa kusingizia. Chumba chake cha mbele kina meza ndefu iliyotandikwa blanketi, kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha kunyooshwa, na harufu ya sabuni inayokupokea mlangoni. Hata vitambaa vya kufutia vumbi anavipiga pasi. Marehemu kaka yangu alikuwa akisema anashukuru mkewe hajamkunja yeye akamweka kabatini. Mimi ni dada wa huyo marehemu, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema wifi yangu nitakavyo, na ruhusa hiyo naitumia vizuri.

Matatizo yalianzia nyuma ya nyumba. Huko ana banda la kuku la mbao na mabati, na mvua za mwaka ule zililiingia mpaka maranda ya sakafuni yakashikana. Kuku mmoja mzee akaanza kuota magaga. Magamba ya miguu yake yaliinuka, yakafanya ukoko mweupe, naye akawa anashinda akijidonoa. Nilipomwonyesha wifi akasema ni uzee.

"Mbona sisi tumezeeka na miguu yetu haijaota maganda?" nikamuuliza. Akanuna.

Mwishowe alimwita daktari wa mifugo, mama mmoja mpole mwenye mabuti ya mpira. Alimpakata kuku, akaitazama miguu kwa makini, akatueleza kuwa ni utitiri wa miguuni, vidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyojichimbia chini ya magamba na kuzaliana humo humo. Miguu ilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, isuguliwe taratibu kwa mswaki laini, gamba lisibanduliwe kwa nguvu. Ikishakauka ipakwe mafuta ya mgando, mazito, vidudu vikose hewa. Wapakwe kuku wote, hata wanaoonekana wazima, na kazi irudiwe kila wiki mpaka magamba ya zamani yadondoke yenyewe. Maranda yatupwe yote, na fito wanazolalia zisuguliwe.

"Na kwa sasa," akamaliza, "asitoke kuku humu kwenda kwenye banda la mtu mwingine."

Wifi aliitikia kila neno huku jicho liko mlango wa mbele, asije mteja akaingia akasikia. Dobi kuambiwa ana wadudu nyumbani kwake, afadhali aambiwe ameunguza suti ya bwana harusi.

Tukaanza kutibu. Sasa, binti yake wa pekee alikuwa ameolewa muda si mrefu na kuhamia kwa wakwe, na kabla dawa haijamaliza kazi ikafika siku yetu ya kwenda kumtembelea kwa mara ya kwanza. Asubuhi hiyo wifi akasema hawezi kwenda ukweni mikono mitupu. Nikamwambia anunue sukari. Akasema sukari inaletwa na kila mtu. Akaingia bandani, akamtoa mtetea wa madoadoa, mnene, ambaye miguu yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuota magaga. Akamwosha, akamsugua, akampaka mafuta mpaka miguu ikang'aa kama viatu vya askari.

"Tuliambiwa kuku wasitoke," nikasema.

"Nimeshamsafisha."

"Umempiga pasi tu. Wadudu wako ndani."

"Wifi, usinitilie nuksi siku ya leo."

Tukaenda. Mama mkwe wa binti yetu ni fundi cherehani, mwanamke mwenye macho yanayoona mshono uliopinda ukiwa bado uko barabarani. Lakini kuku alimpokea kwa mikono miwili. "Jamani mkwe," akasema, "kuku ana miguu misafi utadhani kavaa soksi." Akampa binti yetu ampeleke bandani, kwa kuwa kuku wote alikuwa amemkabidhi yeye. Binti aliitazama ile miguu, akamtazama mama yake, akatoka na kuku. Wifi alikuwa anasifia mapazia.

Msimu ukapita. Alasiri moja mkwe akaja peke yake. Wifi akamkalisha kwenye kiti kizuri, akamimina chai. Mgeni akauliza habari za kila mtu, kisha akashusha pumzi.

"Mkwe, nimekuja kwa wema. Mtoto uliyenipa ana heshima, ana mikono ya kazi, sina neno. Ila banda limemshinda. Tangu nimkabidhi kuku wangu, miguu yote imeota magaga. Mmoja amevimba unyayo, hakanyagi. Nikimuuliza hajibu, analia tu. Juzi nimemwita mchafu mbele ya shemeji zake, na usiku roho ikanisuta. Nikaona bora nije kwa mama yake. Ongea naye."

Nilimtazama wifi yangu. Maneno yaliyohitajika yalikuwa machache: ni kuku wangu. Kuku wenyewe walikuwa wanaparura nyuma ya ukuta, tunawasikia. Yeye akakigeuza kikombe kwenye kisosi, akakigeuza tena.

"Nitaongea naye," akasema. "Watoto wa siku hizi, bado wanahitaji kufundishwa."

Chai ilinipalia. Niliuma ulimi kwa heshima ya mgeni, kwa sababu maneno nilikuwa nayo tele. Alipoondoka nikayatoa yote.

"Umemuuza mwanao ili wewe usiitwe mchafu."

Wifi alichukua shati la mteja, akaliwekea pasi, akabaki ameishika hapo hapo mpaka nikasikia harufu ya kuungua, nikaichomoa waya mimi mwenyewe. Alama ya pasi ilibaki mgongoni mwa shati lile, nzima, na ncha yake.

"Nilifungua mdomo niseme kweli," akaniambia, "nikasikia yanatoka mengine. Wifi, najionea aibu mpaka mbele ya hizi nguo."

Nilimwonea huruma, lakini si sana. Mtoto yule nimembeba mimi mgongoni.

Asubuhi tukafunga safari na beseni, miswaki na kopo la mafuta. Tulimkuta binti uani kwenye kigoda, kuku amemviringisha taulo chakavu mpaka kichwani ili atulie, mguu mmoja uko kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Chini ya unyayo palikuwa na uvimbe na kigaga cheusi katikati. Hakukitumbua wala kukikamua. Alingoja kilainike, akakausha, akapaka dawa ya vidonda, akafunga bendeji safi akiipitisha katikati ya vidole. Nyuma yake niliona fito zimeshushwa chini, ili kuku wasiruke kutoka juu na kujiumiza nyayo, na maranda mapya makavu. Yaani mchafu mwenyewe ndiye huyo.

Mama mkwe alitokea mlangoni, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Akatukaribisha viti. Wifi hakukaa.

"Mkwe, mwanangu hana kosa. Kuku niliyekuletea alikuwa na ugonjwa, na nilijua. Nilimpaka mafuta ili usione."

Mkwe hakupandisha sauti. "Jana nilikuwa kwenye kiti chako."

"Ndiyo."

"Nikakwambia mwanao mchafu, ukaniongezea chai."

"Ndiyo."

Akamgeukia binti. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua siku alipofika. Nilimfunga peke yake, mama, ukaniambia nisimbague mgeni, ukamfungulia."

"Si ungeniambia sababu?"

"Sababu ni mama yangu," binti akasema, akainamia bendeji yake.

Kisha mkwe akamwambia binti ainuke, akanawe, akapumzike ndani. Akamwambia kuwa walewale waliomsikia akitukanwa ndio watakaosikia akiombwa radhi, jioni hiyo hiyo. Halafu akasema, akinitazama mimi tu, "Kuku wamo bandani. Karibuni kazini."

Tuliwaosha wote. Mkwe mwenyewe aliwashika, mmoja mmoja, na kila alipotaka mswaki au mafuta alimwomba shangazi mtu, yaani mimi, nami nikapokea kwa wifi na kumpa mkwe, ingawa walikuwa wamekaa magoti yamekaribia kugusana. Gauni la wifi lililowa na kuchafuka kinyesi kuanzia kifuani mpaka chini. Hakulitazama hata mara moja. Mchana ule wifi alinywea akawa mdogo, na mimi niliyetaka aaibike niliona imetosha, lakini haikuwa yangu kusema imetosha.

Tulipoaga, binti alitusindikiza mpaka getini. Hapo ndipo wifi akapata sauti.

"Mwanangu, si ungenipigia simu tu? Hata kunitaja kwa mkwe, si ungenitaja? Ningekuja siku ile ile."

"Sikutaka nikuombe, mama. Nilitaka uje mwenyewe." Alikuwa anaongea taratibu, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Jana mama mkwe alipoaga kwamba anakuja kwako, nilifurahi mpaka nikaimba nikiosha vyombo. Nilisema, leo mama atasema, yataisha. Nikakaa mlangoni kumngoja. Akarudi, akaniambia, 'Hata mama yako amekubali unahitaji kufundishwa.'"

Wifi aliishika nguzo ya geti. Binti akatutakia safari njema, kwa adabu ile ile mama yake aliyomlea nayo, akafunga geti.