Nguvu za Farasi Tisa

Ilianza Jumamosi, tarehe 10 Agosti 1996, saa nne na robo asubuhi, kwenye mashine ya baba ya kusaga, Nsemulwa. Nilikuwa kidato cha tatu. Baba alikuwa amempa mjomba, kaka yake mama anayekaa Magamba, ng'ombe wawili wa kulimia, naye akampa baba injini ya dizeli. Kibati chake kilisema nguvu za farasi kumi na mbili, lakini kinu kilikuwa kinasuasua kila debe la pili.

"Wewe si unasoma fizikia? Pima," baba akaniambia. Hakuwa amewahi kuniomba kitu cha shule.

Nilizungusha kamba kwenye gurudumu la kinu, upande mmoja jiwe, upande wa pili mizani ya bucha, nione linavuta uzito gani. Mizunguko nilihesabu kwa kifaa nilichoazima kwa mwalimu. Nikapata farasi tisa. Nilisema kwa sauti ndogo, baba akairudia kwa sauti kubwa mbele ya foleni.

"Farasi watatu wamebaki Magamba wanakula majani," mama mmoja akasema, wakacheka.

Mjomba akaitwa. Alifika saa nane kwa baiskeli, shati limelowa jasho.

"Shemeji, binti yangu kapima," baba akamwambia. "Ni tisa."

Mjomba akanigeukia mimi. "Mama, ulipima wapi?"

"Kwenye gurudumu la kinu."

"Na mikanda je?"

Mikanda nilikuwa nimeisahau. Injini yetu inakaa kwenye kibanda chake, unga usiiingie. Mkanda wa kwanza unapita tundu la ukuta hadi shafti ya kati, wa pili unatoka hapo hadi kwenye kinu, na kila mmoja unakula kama sehemu moja ya kumi ya nguvu. Tisa gawanya kwa sifuri nukta tisa, gawanya tena: kumi na moja na kidogo. Kwa injini kuukuu hiyo ni haki kabisa. Nilishamaliza hesabu kichwani, lakini baba alikuwa ananitazama kwa kujivunia, na hakuwa amewahi kunitazama hivyo. Nikaangalia chini.

"Si unaona," baba akasema. "Mikanda, mikanda. Maneno tu hayo."

"Ng'ombe wako nawaleta leo," mjomba akajibu. "Injini nitaifuata Jumatatu. Ila nyumba hii sikanyagi tena."

Jioni ng'ombe wakaja. Mama aliwapa maji. Tulipokula kuku baba alinipa firigisi, yake mwenyewe. Niliimeza bila kuitafuna.

Kesho yake alfajiri niliandika hesabu ya mikanda, nikachana ukurasa na kuuchomeka kwenye kigingi cha ng'ombe, baba auone. Kisha nikawaswaga wale ng'ombe mpaka Magamba. Mjomba alikuwa anajiandaa kwenda misa.

"Ulipouliza, nilijua," nikamwambia.

"Wafunge pale," akasema, akaingia ndani. Hakunikaribisha. Nikawafunga, nikarudi kwa miguu.