Kisima cha Griftu na Mita Iliyoita Bila Kupumua

Siku moja ya kiangazi kule Griftu, mji mdogo wa wafugaji, haijanitoka kichwani, mwanangu, na imenirudia tangu uniambie umeanza kuandika viendeshi, zile programu zinazozungumza na vifaa ndani ya kompyuta.

Nilikuwa nimetoka chuoni juzi juzi, najiona. Tulifunga kompyuta ndogo ya kuongoza pampu ya kisima. Vifaa viwili viliiita: mita ya maji kwenye bomba, na kihisi kilichozamishwa kisimani, kitoe ishara maji yakikaribia kuisha. Kifaa kikiita, kompyuta huacha kazi yake ikakisikiliza. Mimi nikaandika jinsi nilivyolelewa. Kwetu mgeni akiingia unamuuliza habari za mvua, za mifugo, za njiani, na hakuna wa kuwakatiza. Basi mita ikiita, nilifungia wengine wote mlango, nikaisoma, nikapiga hesabu, nikahifadhi, ndipo nikafungua. Nikajiona mstaarabu kweli!

Mchana ule maji yakashuka. Pampu ikaanza kuvuta hewa, na hewa ikipita kwenye bomba huizungusha mita ovyo. Kabla sijamaliza wito mmoja, umeingia mwingine. Kihisi cha kisima kikawa kinalia nje, hakuna wa kukisikia. Pampu ikivuta hewa huungua, na ilikuwa hiyo moja tu, na kesho yake ni siku ya soko. Ngamia walikuwa tayari njiani.

Injinia wetu mkuu alikuwa Edo Halima. Edo ni shangazi, tulimwita hivyo kwa heshima. Alisikia bomba likikoroma, akaniita kwa Kiswahili chake cha kuungaunga.

"Abdi! Bampu inakauka!" Akaikimbilia swichi mwenyewe, akaizima pampu.

Maji yalipopanda tukawasha, ikavuma. Alhamdulillahi. Ndipo akanigeukia.

"Wewe unakaribisha mgeni moja mpaka nyumba inaungua? Mwambie umemsikia, muonyeshe pa kukaa, fungua mlango. Hii hesabu yako mingi fanya baadaye. Na kisima ikiita, ipite mbele ya wote."

Nikaandika upya pale pale: kiendeshi kikiitwa, kitambue nani ameita, kinyamazishe wito, kiweke alama, basi. Kazi ndefu ingoje kwenye foleni. Kesho yake ngamia walikunywa, nami nikasimama kuwatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kwa hiyo, mwanangu, mpokee kila anayeita, lakini usimfungie mlango mwingine kwa ajili yake. Na ukiona mmoja anaita bila kupumua, jiulize kelele zake zimemfunika nani. Si kwenye kompyuta tu. Mama yangu alipozidiwa alinipigia simu mara moja tu, na siku hiyo kila mtu ofisini alikuwa ananitaka. Niliwaacha, nikapokea, nikamkimbilia. Nilimkuta akiwa hai.

Mwenyezi Mungu akujalie kumsikia asiyejua kupiga kelele, na akufikishe kwake mapema. Amin.