Mbwa Mwitu wa Ulaya Walipolia Katoro

Nianze na ujinga wangu mwenyewe: nilibonyeza kitufe nilichoambiwa nisikiguse. Kilikuwa cha spika ya mgeni wetu, mtafiti wa wanyama kutoka Ulaya, aliyepanga chumba kwetu, nje kidogo ya Katoro, ili achunguze fisi.

Tukila, alitusimulia alivyozunguka milima ya kwao miaka na miaka akifuata nyayo za mbwa mwitu kwenye theluji, akilala hemani, akiwapigia mlio wao kwa spika hiyo na kungoja wamjibu. Mimi, ambaye nikienda Chato asubuhi, kabla ya mchana nimeshakikumbuka kiti changu, nilimuuliza, "Kwani nyumbani ulikuwa huna kitanda?"

Mke wangu akacheka. "Mzoee tu, mgeni. Huyu safari yake ndefu ni ya kwenda chooni."

Likaniuma. Kesho yake mgeni alikwenda Geita, akaacha spika inachaji. Saa kumi na moja jioni nikasema na mimi nisafiri, nifike Ulaya nikiwa nimekaa. Nikabonyeza.

Ulitoka mlio mrefu, mwembamba, ukapanda, mingine ikaupokea. Nywele zilinisimama. Mbuzi wakakata kamba. Nilitafuta kitufe cha kuizima, sikukiona. Nikaifunika spika kwa godoro, nikalikalia godoro, nayo ikaendelea kulia chini yangu. Iliponyamaza yenyewe, mwano ulishapigwa, lile yowe la kuitana kijiji kizima.

Walikuja na fimbo na mapanga, sungusungu, walinzi wa kijiji, mbele. Wakapita mlango wangu, wakaenda kwa jirani, bibi mjane tunayemwita Mayu, ambaye macho yake ni mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia tangu kuni ziadimike. Huku kwetu, macho mekundu ya bibi huitwa ya kichawi, na mnyama asiyejulikana akilia karibu na nyumba yake, hatafutwi mnyama. Anatafutwa bibi.

"Toka na fisi wako!" mmoja alifoka.

Nilikuwa nyuma ya pazia la dirisha, nikichungulia. Nikisema ni mimi, fimbo zinahamia kwangu. Nikinyamaza, Mayu haioni kesho. Naandika ukweli: nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka wakamkamata mkono, kanga yake ikaanguka chini.

Mke wangu alinisukuma mgongoni. Hakuwa akicheka tena. "Baba, nenda. Au niende mimi."

Nikatoka, spika kifuani. "Ni hii! Ni mbwa mwitu wa Ulaya!"

"Ulaya gani? Tuisikie!"

Nikabonyeza. Wanaume wazima wenye mapanga walikimbia mpaka barabarani, kisha wakarudi mmoja mmoja, kila mtu akijifanya alikwenda kuangalia kitu. Mkubwa wa sungusungu akaigeuzageuza spika, akabonyeza mwenyewe, akaruka, akabonyeza tena. Mwishowe akasema mgeni akirudi, mimi na yeye tutajieleza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wakatawanyika. Hakuna aliyemwomba Mayu radhi.

Aliokota kanga yake, akaikung'uta vumbi. Nikamsogelea, na badala ya shikamoo nikaishia kusema pole.

Hakuipokea. Alinitazama, akasema, "Nilikuona kwenye pazia tangu wanaingia. Ulikuwa unangoja wanipige fimbo ngapi?"