Baka la Chiriku

Dada yangu ni dobi, na hajui kinyaa. Ameshika kola zilizoganda jasho la wiki nzima, suti iliyotapikiwa na bwana harusi mwenyewe, shuka za wagonjwa ambazo ndugu zao wanazileta wameziba pua na kuzitupa sakafuni mbali na miguu yao. Yeye anazikunjua, anazinusa kidogo ajue ni nini kilichomwagika, anachagua dawa, basi. Mimi ninayempigia pasi kwenye chumba hicho hicho ndiye mwenye roho nyepesi. Kuna siku nakula chakula cha mchana nimegeukia ukuta. Kwa hiyo nikikwambia kwamba nilimwona dada yangu amekunja uso mbele ya picha, akatema mate kwenye ndoo, ujue haikuwa picha ya mchezo.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri. Hapo ndipo ulipokuwa uchafu wake.

Ilikuwa picha ya harusi ya mdogo wake shemeji. Ukoo mzima umejipanga kwenye ngazi za ukumbi, Babu, mzee wa ukoo, amekaa kitini katikati, na nyuma ya bega lake amesimama Chiriku, binti wa dada yangu. Chiriku si jina lake. Tulimwita hivyo kwa sababu mdomo wake hauna likizo: ataanza kusimulia habari akiwa bafuni aje kuimalizia mezani, na hapo katikati atakuwa ameshabishana na watu wawili. Alizaliwa na baka shavuni, jeusi kidogo kuliko ngozi yake, linaanzia chini ya sikio na kuishia kabla ya kona ya taya. Hakuna aliyewahi kumwambia alifiche. Watoto wa shule wakimuuliza, anawajibu kwamba alizaliwa akila chokoleti, mkunga akataka nusu, wakagombana. Mwaka ule walimchagua kuongoza timu ya shule kwenye mdahalo, na alichokuwa akiogopa ni muda tu, kwamba dakika walizompa hazitamtosha.

Aliyetuletea picha ni wifi yake dada. Sote tunamwita Shangazi, hata mimi nisiye ndugu yake, maana ndivyo apendavyo kuitwa. Anakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Mwajiri wake alimpeleka kwenye mafunzo ya kuhariri picha mtandaoni, ili awe anapakia kwenye ukurasa wa kliniki meno ya wateja, kabla na baada. Nimeziona picha hizo. Kabla ni fizi zilizovimba, utando wa njano, jino limeoza mpaka shina, na zote zimekuzwa hadi unahisi harufu inatoka kwenye simu. Baada ni meno meupe kama vigae vya choo kipya. Siku moja alituambia mwenyewe, huku anacheka, kwamba wengine hawajawahi kukaa kwenye kiti cha daktari, wametibiwa kwa kidole chake tu, kwenye simu. Nikaweka kikombe chini. Chai ilinishinda.

Meno ya wateja yalipomwishia akahamia kwa ndugu. Akafungua albamu ya harusi mtandaoni, akatuma linki kwenye grupu la familia, na akaiacha wazi: kila mwenye linki anaweza kutazama, kuongeza na kubadilisha atakacho. Halafu akaikalia ile picha ya ngazini akatusafisha mmoja mmoja. Kitambi cha shemeji kikaingia ndani. Mikunjo ya Babu, ambayo mzee wa watu ameitafuta tangu ujana wake, ikanyooshwa, akabaki na uso wa yai lililomenywa. Na shavu la Chiriku likawa tupu.

Grupu likafurika mioyo. Jamani mmependeza. Shangazi una mkono. Mmoja, simtaji, akaandika kwamba Chiriku siku hizi amekuwa mrembo. Siku hizi. Niliisoma sentensi hiyo mpaka shati la mteja likaanza kunuka kuungua.

Dada hakupiga kelele. Alitema mate, akajifuta mikono kwenye aproni, akampigia Shangazi na kuweka spika.

"Wifi, za kazi? Nimeiona picha. Naomba ile ya kwanza, kabla hujaigusa."

"Ya kwanza haipo tena, wifi yangu. Simu ilijaa, nikahifadhi hii juu yake. Kwani hii ina nini?"

"Mwanangu hayumo."

"Si huyo hapo nyuma ya Babu? Nimemtoa lile doa tu. Kuna kitufe chake kabisa, kimeandikwa ondoa madoa. Unabonyeza mara moja, kwisha."

"Doa ni kitu kilichomwagika, wifi. Mimi ndiyo kazi yangu. Mwanangu hakumwagikiwa na kitu."

"Haya, usikasirike basi. Mimi nilimfanyia wema. Jumapili tunakwenda kuitazama kwenye televisheni ya Babu, na watu watakuwa wengi. Sikutaka mtoto aone aibu."

"Aibu ya nani?"

Shangazi akasema kuna mteja ameingia, akakata. Kwa kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, mama huyu hana mpinzani. Alikuwa ameufuta uso wa mtoto wa watu na bado alingoja kushukuriwa.

Chiriku alikuwa hajajua. Hana simu, na baba yake, kama kawaida ya shemeji, aliiona picha, akaweka moyo, akarudi kwenye mpira wake. Lakini Jumapili angekaa na ukoo wote mbele ya televisheni ile kubwa, aone shavu lililopanguswa na asikie watu wakilisifia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Dada alisimama katikati ya mabeseni, akaniambia, "Asilione hivi. Kabla ya Jumapili nalirudisha baka lake."

"Utalirudisha na nini?"

"Na hiki hiki walicholiondolea."

Basi akaanza shule. Aliitia simu kwenye mfuko wa nailoni mwangavu kwa sababu mikono yake haikauki, akaiegemeza kwenye kopo la sabuni, akawa anafua huku anasikiliza video za kujifunza. Mwalimu wa kwenye video alikuwa kijana anayesema haraka kama anayefukuzwa: gusa hapa, buruta pale, chagua brashi, rahisi tu ndugu mtazamaji. Dada akigusa hapa, sikio la Babu linatoka. Akiburuta pale, bibi harusi anakuwa wa kijani, kijani cha mkate ulioota ukungu. Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Hakucheka pamoja nami.

Siku nyingine alitaka kufanya mazoezi kwa picha isiyo na watu, akapiga lundo la nguo za wateja kwenye kona, za juu zikiwa chupi za kiume zinazongoja maji ya moto. Alipoihifadhi ikaenda moja kwa moja kwenye albamu ya harusi, ikakaa kati ya keki na wapambe. Mpaka tunashtuka, Babu alikuwa ameshaiwekea moyo. Babu huwekea moyo kila kitu.

Kwanza alijaribu kulikata baka kwenye picha nyingine, ile ya shule, alibandike. Lakini kwenye ya shule Chiriku ameinamisha kichwa, na likikaa kwenye ya harusi lilionekana kama plasta iliyoanza kubanduka. Akaliacha, akashika brashi. Alichagua rangi kama anavyochagua dawa ya doa, kwa kusogeza jicho karibu na kunyamaza. Akapaka kidogo, akalainisha kingo, akarudisha kivuli cha sikio. Na alilipata. Nasema kweli, mara ile ya kwanza alilipata: alikuwa Chiriku yule yule anayekula nasi. Dada akahifadhi, akavuta pumzi, akarudi kwenye mabeseni yake.

Kesho yake shavu tupu. Na chini yake ujumbe kwenye grupu: "Samahani wapendwa, kuna simu ya mtu inaharibu picha, nimeshasafisha." Mioyo tena.

"Dawa ya moto ni moto," dada akasema.

Kuanzia hapo kazi yetu ikawa hiyo. Dada analipaka asubuhi, Shangazi analifuta akipata nafasi pale mapokezi, dada analipaka tena. Wanawake wawili wazima, mmoja kidole kimelowa sabuni, mwingine kimetoka kupokea hela za kung'oa meno, wanalipangusa na kulichafua shavu la mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe yuko shuleni anaandaa hoja. Wala hakuna aliyeandika neno kwenye grupu. Waliliona likienda na kurudi, wakangoja kipindi kijacho. Nilianza kuishika simu ile kwa ncha za vidole. Hata pasi nilikuwa naishika vibaya kwa karaha.

Na kila alivyolirudisha, dada hakulirudisha vile vile. Hasira ilikuwa mkononi. Siku ya pili liligusa kona ya taya. Siku iliyofuata likapita. Rangi nayo ikakolea, maana alikuwa hachagui tena kwa jicho, anabonyeza tu.

"Dada, limezidi," nilimwambia.

"Waione."

"Si hivi lilivyo."

"Hawakutaka kuona dogo, waone kubwa. Wewe piga pasi."

Nikapiga pasi. Ukimwona dada yangu amebana midomo vile, unajua maji yamezidi unga.

Jumapili tulifika kwa Babu mchana. Sebule ilikuwa imejaa, makochi yamesukumwa ukutani, watoto wamekaa kwenye zulia, na Shangazi anahangaika na waya wa kuunganisha simu yake na televisheni. Getini dada alikuwa amesimama kidogo, amegeukia ukuta, kidole kinakwenda mbio kwenye kioo cha simu. Sikumuuliza. Chiriku alikuwa ameshatangulia ndani, amekaa karibu na miguu ya Babu, anamwigiza mwalimu wao wa mdahalo jinsi anavyopiga chafya katikati ya swali. Hata Babu alikuwa anafuta machozi kwa kucheka.

Zikapita za keki. Zikapita za wapambe, na lundo la nguo chafu, watu wakaguna. Halafu ikatokea ya ngazini, imejaa kioo chote.

Shangazi hakuwa ameichungulia tangu asubuhi, alikuwa na vinywaji vya wageni. Uso wa Chiriku ulikuwa mkubwa kama beseni, na nusu yake ilikuwa nyeusi, nyeusi ya dawa ya viatu. Weusi ulishuka taya, ukaingia shingoni, ukapanda hadi karibu na pua, na kingo zake zilikuwa na alama za kidole kilichoburutwa. Mahali pengine umefika hata kwenye kola ya gauni. Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa.

Chiriku aliishia katikati ya chafya ya mwalimu.

"Mimi hilo sikuliweka," Shangazi akasema haraka, hata kabla ya kuulizwa. "Mimi nilikuwa nimelitoa."

"Nililiweka mimi," dada akasema. "Kwa sababu wewe ulilifuta."

Kwa hiyo mtoto akayajua yote mawili kwa pamoja, mbele ya watu wote.

Akainuka, akasogea mpaka kwenye televisheni. Mwanga wa picha ulimwangukia, baka lake lenyewe, lile dogo, likaonekana pale pale pembeni ya lile la kupakwa, na hakuna aliyeweza kujifanya hayaoni. Alipozungumza, alitumia sauti yake ya mdahalo, ile ya taratibu ya kupanga hoja.

"Shangazi, kwa hiyo wewe ulipenda lisiwepo."

"Nilitaka upendeze tu, mwanangu. Wewe ni mzuri sana."

"Na Mama unaliona mpaka shingoni."

"Siyo hivyo, mama," dada akasema. Alikuwa ameshasimama. "Mimi silioni hivyo. Nilikuwa nawakomesha wao."

"Kwa uso wangu?"

Babu alitafuta rimoti chini ya mto na hakuipata. Shangazi alichomoa waya, televisheni ikabaki buluu, na watu wakaanza kuulizana habari za barabara na nani kaja na gari. Shemeji alikuwa anaangalia viatu vyake. Sijawahi kuchukia sauti za watu kama nilivyozichukia zile, watu wanaozungumza ili mtoto asisikike amenyamaza.

Dada alipita katikati ya watoto waliokaa kwenye zulia, akafika kwa mwanawe, akamshika kidevu amgeuzie kwenye mwanga. Chiriku akaweka kiganja shavuni.

"Usiniangalie, Mama," akasema.