Bamba Chini ya Landrova

Pantaleo alikuwa dereva wa mgodi mdogo wa dhahabu upande wa Segese, na mwaka ule wa 1955 hakukuwa na mtu aliyevichukia visiki kama yeye. Visiki vyenyewe vilikuwa kazi ya watu, naye akiwamo. Kabla hajashika usukani alifyeka pori pamoja na mamia ya wenzake ili mbung'o wakose kivuli. Kazi ilipimwa kwa kipande, na nani angejisumbua kuinama mpaka chini huku msimamizi akihesabu miti iliyoanguka tu? Walikata kwa kimo cha goti, shoka likienda upande, wakaacha ncha. Mbung'o walipungua kweli. Kisha nyasi zikaota zikazifunika zile ncha, na njia ya magari ikapita palepale.

Mara mbili kisiki kilitoboa kibakuli cha oili chini ya injini ya Landrova, na mara mbili Pantaleo alirudi mgodini kwa miguu. Hayo angeyameza. Lililomnyima usingizi ni tumbo la mkewe, Paskalina. Walikuwa wamezika watoto wawili, wote wametoka wafu baada ya uchungu wa siku nzima, na daktari wa Geita alikuwa amesema bila kuficha kwamba huyu wa tatu lazima azaliwe hospitalini kwa kisu. Pantaleo hakuwa na ndugu Geita wa kumweka mkewe kusubiri, na Paskalina alikataa katakata kulala kwa watu asiowajua. Ikabaki ahadi ya bwana wa mgodi kwamba siku ya uchungu gari litatoka. Maili arobaini, na zaidi ya nusu yake visiki vitupu.

Akaenda kwa Kalisti, mhunzi wa mgodi, kutafuta cha kuikinga ile injini chini. Kalisti alimtandazia vitu vitatu: ngozi mbichi ya ng'ombe, bati jembamba la chuma, na bamba zito lililotolewa kwenye mashine ya kusaga mawe.

"Ngozi ni nyepesi, ikikauka inakaza kama ngoma," Kalisti alisema. "Lakini itakusanya nyasi kavu na oili karibu na bomba la moshi. Utaungua na mkeo. Chukua hili bati. Nitalikunja mbele, likikutana na kisiki liteleze juu yake."

"Kisiki kitalitoboa."

"Litabonyea tu. Hilo bamba litalishusha tumbo la gari vidole vinne, Pantaleo. Vidole vinne! Unajua maana yake?"

Pantaleo hakutaka kujua. Aliligonga bamba kwa kifundo cha kidole, likaitika kwa sauti nene, naye akalipenda papo hapo. Alikuwa na hofu, na mwenye hofu ukimwambia habari ya vidole vinne ni kama unamwimbia kiziwi. Kalisti akalifunga kwa bolti nne, akisonya kwa kila bolti.

Uchungu ulianza asubuhi moja ya masika. Mwanamke wa kumshika Paskalina alikuwa mmoja tu, Mbuke, mama yake mzazi, na hapo ndipo palipokuwa na mtihani mwingine. Kwao mtu na mama mkwe hawatazamani usoni. Miaka sita ya ndoa Pantaleo alikuwa akiujua mgongo wa Mbuke na ncha ya khanga yake; wakikutana njiani, yeye huingia porini. Basi wakatundika shuka nyuma ya kiti cha dereva. Mbuke akapanda huku Pantaleo akiwa ameelekeza uso ukutani, na maneno yao yakapitia kwa mgonjwa.

"Mwambie mumeo apunguze mwendo."

"Mwambie mama barabara ni mbaya."

"Mmenisikia wote wawili," Paskalina alisema kwa kuuma meno. "Niacheni!"

Kwenye mbuga ya udongo mweusi gari likapanda juu ya kitu na kugoma. Pantaleo akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka hewani. Akashuka, akachungulia. Bamba lilikuwa limekalia kisiki kama kuku juu ya mayai. Vidole vinne. Akatia jeki, jeki ikazama matopeni. Akatia tena juu ya jiwe, jiwe nalo likazama. Hapakuwa na njia ila kulifungua lile bamba ili gari lishuke ardhini.

Alilala chali matopeni akiwa na spana. Nati mbili zilitoka. Ya tatu ilikuwa imeshindiliwa udongo, spana ikateleza, ikala pembe zake zote. Juu yake, umbali wa mkono mmoja tu kutoka usoni mwake, Paskalina alikuwa akilia, "Mayu! Mayu!" akimwita mama yake. Pantaleo akachukua patasi na nyundo, akapiga, akakosa, akajipiga vidole, akapiga tena. Alilia waziwazi kama mtoto, akiliomba bamba lile lile alilolichagua. Jua lilikuwa limepita utosi bamba lilipoanguka na magurudumu yakashika ardhi.

Sasa gari lilikuwa tupu chini. Akakaa kwenye usukani, mguu ukakataa kukanyaga. Kisiki kimoja tu, na mkewe angefia hapo.

Shuka lilisogezwa. Mbuke alishuka, akapita mbele ya boneti bila kujifunika, akaingia kwenye nyasi akipapasa visiki kwa nyayo zake. Alinyoosha mkono kushoto, akageuka nyuma.

"Pantaleo! Nitazame mimi! Huku!"

Akamtazama. Alikuwa na macho ya Paskalina. Walikwenda hivyo maili tatu, yeye mbele, gari nyuma yake, mpaka sehemu ya visiki ikaisha. Nyayo zake zilikuwa zikitoka damu alipopanda tena.

Hospitalini walimpokea Paskalina mbio. Pantaleo alikaa chini karibu na gurudumu, matope yamemkaukia mwilini. Jioni Mbuke alitoka, akaja akasimama mbele yake.

"Paskalina yu hai."

Pantaleo alingoja.

"Na mtoto?"

"Wa kiume. Amekaa nasi kidogo, akaenda. Daktari anasema tungefika mapema kwa saa mbili..."

Pantaleo alizijua saa zile mbili. Alikuwa amezilalia chali. Alitaka kusema ni bamba, kwamba Kalisti alimwambia. Lakini likatoka swali jingine kabisa.

"Alilia?"

Wale wawili wa kwanza hawakulia.

"Alilia, baba. Mara moja. Nimemsikia mwenyewe."

Mbuke akaketi chini kando yake, bega kwa bega, mbele za watu wote.

"Niambie tena, mayu," Pantaleo alisema.

"Alilia," Mbuke akamwambia.