Mto Ulipouzunguka Ukuta wa Njogu

Njogu aliingia ujenzi akiwa na miaka ishirini na saba, na alipofika sitini na mmoja mgongo wake ulikataa kazi. Alikuwa mzaliwa wa Murang'a, lakini Kibwezi ndiko alikokuwa amekaa sehemu kubwa ya maisha yake. Alikuja akifuata kandarasi za barabara ya Mombasa, akamwoa Waringa, msichana wa kwao, na watoto wakazaliwa huko, wakakua, wakaondoka.

Alipoacha kazi alishinda dukani kwa Waringa, katikati ya vitambaa na nyuzi. Wateja walimwuliza bei, naye hakuijua. Siku moja alisafiri hadi Emali kwa mazishi. Walipomaliza alipita kando ya jengo la ghorofa nne alilolijenga mwenyewe, akasimama kuliangalia. Mlinzi akatoka.

"Mzee, songa. Hapa hakuna kusimama."

"Hii nyumba niliijenga mimi."

"Sawa. Songa."

Hakumwambia Waringa jambo hilo, lakini lilimkaa moyoni. Alihesabu majengo aliyowahi kuyajenga, akaona hakuna hata moja ambalo angeruhusiwa kuketi kwenye ngazi yake.

Kwa hiyo mchungaji Mwau alipotangaza kanisani kwamba ushirika mmoja karibu na Kathonzweni unatafuta fundi wa kujitolea, Njogu aliinua mkono kabla tangazo halijaisha. Malipo hayakuwepo. Angepewa chumba nyuma ya kanisa na chakula. Kazi yenyewe ilikuwa kujenga ukuta wa zege kukata mto wa mchanga, ule unaobaki mkavu karibu mwaka mzima. Mvua ikija, mto huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo miezi mingi. Akina mama huchimba kidogo tu na kuteka.

Walianza Juni. Kikundi cha mwethya, cha majirani kusaidiana kazi, kilikuwa na watu thelathini, wengi wao wanawake, na mkubwa wao aliitwa Wavinya, mama mrefu, mkulima wa ndengu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Walikuja saa kumi na mbili asubuhi na karai zao, wakabeba mawe na mchanga hadi jua lilipozidi. Njogu alichimba nao mpaka kwenye jabali. Alipima, akapima tena. Usiku mgongo ulimchoma, lakini alilala vizuri kuliko miaka mingi. Katikati ya ukuta aliacha mahali laini, upana wa gazeti lililokunjuliwa, pa kuandika jina lake na mwaka, na akampigia Waringa simu kumwambia.

Mwezi wa tisa, walipokuwa wanafunga mbao za mkono wa kushoto wa ukuta, Wavinya alikuja akasimama.

"Fundi, huu mkono ni mfupi."

"Umeingia ukingoni mita tano, mama. Inatosha."

"Mimi nimezaliwa hapa. Hii mto ikikasirika hupitanga mpaka kwa shamba ya Mbithe. Niliona hivyo nikiwa msichana."

"Mama Wavinya," Njogu akasema, na akina mama walikuwa wanasikia, "mimi nimejenga ghorofa."

Wavinya aliinama akachukua karai yake.

Mvua ilikuja Novemba, siku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu Njogu aliteremka mtoni na mwavuli wa mchungaji wa pale. Ukuta ulikuwa umesimama. Haukuwa na ufa wala hata kona iliyovunjika. Mto ndio haukuwepo. Ulikuwa umekula ukingo wa kushoto, ukauzunguka ukuta, na sasa ulipita kwa kelele mahali palipokuwa shamba la Mbithe. Mbaazi zilikuwa zimeenda, mipapai imeenda, na matuta ambayo Mbithe aliyachimba na marehemu mumewe yameenda. Mbithe alikuwa amesimama upande wa pili, amejifunika gunia. Njogu alimpigia kelele pole. Maji yalikuwa na kelele zaidi.

Mchana ule alirudi Kibwezi bila kuaga mtu.

Wiki tatu alikaa nyuma ya duka. Waringa alimwachia hali hiyo mpaka akachoka nayo.

"Nikuulize kitu?" akasema, akikunja kitambaa. "Ulienda kule kuwasaidia watu ama kuandika jina?"

Njogu alikasirika, akatoka nje, akazunguka soko mara mbili. Aliporudi aliketi palepale.

"Kuandika jina," akasema.

Waringa alimletea chai. Njogu akaanza kumweleza habari za mlinzi wa Emali, na za Wavinya, na jinsi alivyosema neno lile la ghorofa mbele ya watu. Aliongea muda mrefu kuliko kawaida yake. Mwishowe alisema alikuwa amedhani kwamba mtu akifika umri ule anajua alizaliwa afanye nini. Yeye hakujua. Alijua tu kwamba kuna mwanamke hana shamba.

Kesho yake alifunga begi, akaenda kuomba msamaha na kuchukua vyombo vyake vya kazi. Alimkuta Mbithe akitoa mawe kwenye kipande cha ardhi kilichobaki, na begi likiwa bado mgongoni akaanza kusema pole.

Mbithe alimsikiliza akiwa ameinama.

"Umekuja kuniambia pole ama kuniaga?"

"Yote mawili."

"Chagua moja, niko na kazi."

Njogu alisimama. Alikuwa na maneno aliyoyapanga njia nzima, na yote yalikuwa ya kuaga. Akaweka begi chini, akashika jiwe. Mbithe alimwonyesha kwa kidole pa kulipeleka.

Januari mwethya walirudi mtoni. Safari hii Wavinya alitembea mbele na panga, akikata alama kwenye miti: hapa maji yalifika nikiwa msichana, hapa yalifika Novemba. Njogu alimfuata akipigilia vigingi pale alipoonyeshwa. Mkono mpya wa ukuta ulitakiwa uingie ukingoni mita kumi na nane, na upande wa nyuma ujengwe mawe ya kurudisha mto kwenye njia yake. Hakuna aliyemtukana. Ila waliacha kumwita aje kula kwanza, kama walivyokuwa wakifanya, na sahani yake ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ilikuja zamu yake ilipofika.

Mgongo ulikuwa mbaya zaidi. Wakati wa kupitisha mawe alisimama kwenye mstari kati ya mama wawili, akipokea na kupitisha hadi saa sita. Pale mahali laini katikati ya ukuta, alipotaka kuandika jina lake, alipaziba kwa lipu asubuhi moja mapema, kabla wengine hawajafika.

Walimaliza mwishoni mwa Machi. Mvua ya Aprili ilikuwa ndogo. Mto ulipita juu ya ukuta, ukaacha mchanga wa kufika magotini, na watu wakasema utahitaji misimu mitatu au minne kujaa. Shamba la Mbithe halikurudi. Mwethya walimchimbia matuta mahali pengine, juu zaidi, ambapo udongo ni mwekundu na mgumu, naye alipanda mbaazi bila kusifu wala kulalamika.

Waringa alipiga simu. "Sasa umemaliza. Unarudi lini?"

"Jumamosi." Njogu alikuwa amelala chali sakafuni, kwa sababu kitanda kilikuwa laini mno kwa mgongo. "Lakini Wavinya anasema kuna watu wa juu huko mtoni wanataka ukuta mdogo. Mwezi wa saba."

"Na wewe unataka?"

Alifikiri. Ile hamu aliyokuja nayo mara ya kwanza hakuiona tena.

"Nimechoka, Waringa. Nimechoka kabisa," akasema. "Nitaenda."